Kofia ya abiria iko wapi?

Na Mwandishi Wetu, London

KIJANA mmoja wa nyumbani tunayefahamiana hapa London anafanya kazi ya kupeleka vyakula kwa pikipiki. Majuzi nilimkuta nje ya mgahawa mmoja wa kuku, mvua inanyesha, anasubiri oda. Alipoitwa akachukua mfuko, akaupakia kwenye boksi la nyuma, akavaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu, kisha akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na koo kuona kama umekaza sawasawa. Ndipo akawasha.

Nilimtania. Nikamwambia, bwana mdogo, si wewe uliyekuwa unaendesha bodaboda Mwanza, helmeti umeitundika mkononi kama kikapu cha sokoni?

Akacheka. "Kaka, kule helmeti ilikuwa ya trafiki. Ukimwona mbele unavaa, ukimpita unavua. Huku ni ya kwangu."

Jibu lile sijaweza kulisahau. Sisi tulio huku tukikutana kwenye misiba na harusi tuna tabia ya kukaa pembeni na kuisema nchi. Watu wetu hawana nidhamu, tunasema, angalia bodaboda, hata kofia hawavai. Tunasema hivyo huku tumeshika sahani za pilau, kana kwamba sisi tulizaliwa na nidhamu. Mimi pia nilikuwa msemaji mzuri wa maneno hayo, hadi mwaka 2019.

Mtoto wa dada yangu anaishi Dumila, mkoani Morogoro, pale njia panda ya kwenda Kilosa. Alimaliza kidato cha nne, kazi hakuna. Dada akanipigia: kaka, mfanyie mpango wa pikipiki. Nikatuma fedha. Ikanunuliwa pikipiki ya Kihindi ya cc mia na ushee, kama zilivyo nyingi za biashara. Niliuliza habari za bima, niliuliza kadi imeandikwa kwa jina la nani, niliuliza leseni. Kofia sikuuliza. Ilikuja na pikipiki, moja.

Miezi mitano baadaye mbuzi alimkatizia kwenye barabara ya vumbi. Akafunga breki, pikipiki ikalala. Yeye alichubuka magoti na kuvunjika kidole. Abiria wake, mama muuza nyanya aliyekuwa anarudi kutoka gulioni, alirushwa pembeni akapiga kisogo kwenye ukingo wa kalavati. Alifikishwa Morogoro mjini hajitambui, na siku ya tatu akafariki. Aliacha watoto wanne.

Mwendo haukuwa mkubwa, kila aliyeshuhudia alisema hivyo. Mpwa wangu alikuwa amevaa helmeti yake. Kwa namna alivyoijua sheria, na kwa namna alivyozoea kuona ikisimamiwa, alikuwa ameitimiza.

Nilichangia jeneza na usafiri. Kwenda sikuweza, na wanaonifahamu wanajua kwa nini. Lakini tangu siku hiyo kila ninapoona picha ya bodaboda kutoka nyumbani simtazami dereva. Natazama kichwa cha aliyekaa nyuma.

Hebu tuanze na hili la mwendo mdogo, maana ndilo linalowadanganya wengi. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki kiko kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Pikipiki ikiwa imesimama kabisa, na mtu huyo akaanguka tu kama gunia, kichwa kinafika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo bado hujaongeza mwendo wa pikipiki yenyewe. Kwa hiyo hoja ya "tunaenda hapo tu, siyo mbali" haina maana yoyote kwa fuvu. Lami haiulizi unakwenda wapi.

Abiria naye ana matatizo yake ambayo dereva hana. Dereva ameshika usukani na anamwona mbuzi. Abiria anaona mgongo wa dereva. Hana muda wa kujikaza, hana cha maana cha kushika, na mara nyingi mkono mmoja umeshikilia ndoo au mtoto. Kina mama wengi hukaa upande kwa sababu ya khanga au gauni, na aliyekaa upande huondoka na mrusho wa kwanza. Ingekuwa lazima kuchagua mmoja tu wa kumvisha kofia, ningeshindwa kueleza kwa nini awe wa mbele.

Sasa turudi kwenye nidhamu ya Wazungu, kwa kuwa ndiyo tunayoisifia kwenye pilau.

Mwezi Mei 1935, Kanali T. E. Lawrence, yule wanayemwita Lawrence wa Arabia, alikuwa anaendesha pikipiki yake karibu na nyumba yake huko Dorset, kusini mwa Uingereza. Alijaribu kuwakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaruka juu ya usukani. Alilala siku sita bila fahamu akafa, ana umri wa miaka 46. Hakuwa amevaa kofia. Wakati ule karibu hakuna mtu aliyevaa, isipokuwa wa mashindano.

Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo mpasuaji wa ubongo kutoka Australia aliyeitwa Hugh Cairns. Kifo kile kilimkaa moyoni. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Uingereza ilizima taa zote usiku kwa kuogopa ndege za Wajerumani, na wapeleka barua wa jeshi wakawa wanakimbia na pikipiki gizani. Mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao waliokufa barabarani walikuwa 2,279. Ona kwamba tangu siku ile ya kwanza daktari alihesabu na abiria. Waliopata ajali wakiwa na kofia ambao aliweza kuwachunguza walikuwa 7 tu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa.

Jeshi lilimsikia mwaka huo huo, likawaamuru askari wake wote wa pikipiki wavae. Raia je? Raia walisubiri hadi tarehe 1 Juni 1973 ndipo kofia ikawa lazima Uingereza. Hiyo ni miaka 38 tangu Lawrence, na miaka 32 tangu ushahidi kuwekwa mezani. Cairns mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1952. Jimbo la Victoria, Australia, nchi aliyozaliwa, lilikuwa limetangulia kupitisha sheria yake mwaka 1961, la kwanza duniani.

Na ilipopita hapa, si kwamba walikubali kwa shangwe. Alikuwapo mzee mmoja, Fred Hill, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyekuwa mwendesha pikipiki wa jeshi wakati wa vita. Alikataa. Alipanda pikipiki na kofia ya kitambaa kichwani, akatozwa faini, akagoma kulipa, akafungwa, akatoka, akapanda tena. Mwaka 1984 alifia kifungoni katika gereza la Pentonville hapa London, akiwa na miaka 74. Mimi ninayeishi ugenini kwa sababu ya maneno niliyokataa kuyafuta siwezi kumcheka mzee yule. Kichwa kilikuwa chake. Ila kila nikisoma habari zake najiuliza angesema nini kama swali lingekuwa juu ya mama aliyekaa nyuma yake, ambaye hakuna aliyempa kofia ya kukataa.

Masingasinga, ambao Afrika Mashariki tumezoea kuwaita Makalasinga, nao walipinga, kwa sababu kilemba ni dini. Wengi wao walikuwa wamefika hapa wakitokea Kenya, Uganda na Tanzania. Bunge likawasikiliza, na mwaka 1976 likapitisha sheria ya kuwaruhusu wapande na kilemba bila helmeti. Hilo nalo lieleweke na wale wanaodhani sheria ya Ulaya ni jiwe.

Marekani ndiyo kichekesho zaidi. Miaka ya 1960 serikali kuu iliyabana majimbo: hakuna sheria ya kofia, hakuna baadhi ya fedha za barabara. Kufikia mwaka 1975 majimbo 47 yalikuwa na sheria. Mwaka 1976 Bunge likaondoa kibano hicho, na majimbo yakaanza kufuta moja baada ya jingine. Pennsylvania ililegeza yake mwaka 2003. Mwaka 2006 Ben Roethlisberger, nyota wa mpira wa Kimarekani wa Pittsburgh, mtu ambaye wakati ule alikuwa akilipwa mamilioni kucheza kila Jumapili akiwa amevaa helmeti, aligongana na gari mjini humo akiwa kwenye pikipiki kichwa wazi. Bahati yake alipona. Michigan nayo ililegeza mwaka 2012. Illinois, Iowa na New Hampshire hazina kabisa sheria ya kumlazimisha mwendesha pikipiki kuvaa. Kwa hiyo ndugu yangu wa Chicago unayewasema vijana wa Manzese, anza na jirani yako.

Ushahidi wenyewe haubishaniwi tena na wenye taaluma. Mwaka 2008 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja. Jibu lilikuwa kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hapo tunazungumzia helmeti yenyewe, ikiwa kichwani, imefungwa. Nyumbani vitu hivyo vitatu ni nadra kukutana mahali pamoja.

Bodaboda ilianza na baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, ikivusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, ndiyo jina likazaliwa. Pikipiki zilipoanza kuja kwa bei ya wanyonge, Kenya ikaondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ikatunga kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria mwaka 2010, mambo yakawa makubwa kabla sheria haijavaa viatu. Hospitali nyingi zimeshuhudia wodi zake zikibatizwa na wananchi jina la "wodi ya bodaboda".

Sheria zipo. Kenya iliibana pikipiki katika marekebisho ya sheria ya trafiki ya mwaka 2012, kofia na koti la kuakisi mwanga, abiria mmoja tu. Uganda ilikuwa na kanuni zake za pikipiki tangu 2004. Tanzania sheria mama ni ya mwaka 1973, iliyoandikwa wakati pikipiki ilikuwa ya bwana shamba na padri, na kwa miaka mingi wanaharakati wa usalama barabarani walilalamika kuwa imemtaja mwendeshaji na kumwacha abiria gizani.

Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake cha sheria nzuri ya helmeti, na si kigumu. Imguse dereva na abiria. Iguse barabara zote, iwe ya lami au ya mtaani, na injini zote. Iseme kofia ifungwe mkanda. Na iseme kofia iwe ya kiwango fulani kinachotajwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 nchi zilizotimiza yote hayo zilikuwa 49 tu. Mtu anaweza kuona mambo ya mkanda na kiwango ni madogo, ya wanasheria. Yatazame yanapokosekana.

Tarehe 1 Januari 2009 Nigeria ilianza kusimamia kwa nguvu amri kwamba kila dereva wa okada, ndivyo wanavyoita bodaboda yao, na abiria wake wavae kofia. Helmeti zilikuwa ghali na chache. Kilichotokea dunia nzima ilikiona kwenye picha: madereva walivaa vibuyu vilivyopakwa rangi, wengine masufuria, wengine maganda ya maboga yaliyokaushwa na kufungwa kamba. Abiria nao walikuwa na hofu yao, kwamba helmeti ya mtu usiyemjua inaweza kuwa imefanyiwa dawa, ukiivaa unapotea au nyota yako inachukuliwa. Kwetu tulicheka. Lakini nenda Kariakoo uangalie baadhi ya zinazouzwa kama helmeti. Ni plastiki nyembamba ya kung'aa, ndani kuna sponji kama ya kuoshea vyombo. Tofauti yake na kibuyu ni rangi.

Vietnam ndiyo ningependa wakubwa wetu waisome. Nchi ile inaishi juu ya pikipiki. Tarehe 15 Desemba 2007 serikali ilianza kusimamia sheria ya helmeti kwa dereva na abiria katika barabara zote, siku moja, nchi nzima, baada ya miezi ya kutangaza na kuonya. Wavaaji ambao walikuwa chini ya nusu walipanda na kupita asilimia 90. Watu walikuwa wamezibeza helmeti wakiziita masufuria ya umeme ya kupikia wali. Walizivaa hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta hatari ya majeraha ya kichwa imeshuka kwa asilimia 16 na hatari ya kufa kwa asilimia 18.

Hata hivyo ilikuwa na matundu mawili. La kwanza, faini haikuwagusa watoto wadogo, na ukaenea uvumi kwamba helmeti inavunja shingo ya mtoto. Ukawa unaona baba na mama wamevaa, mtoto katikati kichwa wazi. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 2010. La pili, soko lilijaa kofia feki, kwa sababu watu walikuwa wananunua kitu cha kuonyesha polisi. "Ya trafiki", kama alivyosema yule kijana wa Mwanza.

Helmeti inafanyaje kazi? Ganda la nje linatawanya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha. Lakini kazi kubwa inafanywa na ile foamu nyeupe ngumu ya ndani, ndugu ya ile inayokuja kwenye boksi la televisheni. Kichwa kinapogonga, foamu inapondeka, na kule kupondeka ndiko kunakompa ubongo sekunde chache za elfu ili usimame taratibu badala ya kugota kwenye fuvu. Ikishapondeka hairudi. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kupata ajali ni pambo, hata kama nje haina mkwaruzo. Na sponji haipondeki, inabonyea tu, kichwa kinapita.

Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, ambayo ilianza mwaka 1972 na imekuwa ikiboreshwa, inapima hivi: kichwa cha bandia kinavishwa helmeti na kuangushwa juu ya chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuangushwa kutoka urefu wa karibu mita tatu, na vyombo vinapima kishindo kilichofika ndani. Mkanda unavutwa kuona kama utakatika. Helmeti iliyofaulu ina lebo iliyoshonwa, kwa kawaida kwenye mkanda, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoipitisha: 1 ni Ujerumani, 3 Italia, 11 Uingereza. Marekani wana alama ya DOT nyuma ya kofia, ila huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, na stika ya DOT kuibandika ni kazi ya dakika moja uchochoroni.

Bei nayo isikutishe. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuzipima helmeti na kuzipa nyota, moja hadi tano, na ikaonekana kuwa ghali si lazima iwe salama zaidi. Zipo za bei ya chini zilizopata nyota nyingi kuliko za bei mbaya.

Trafiki aliyesimama juani Mbezi hawezi kuyajua hayo kwa kutazama. Ndiyo maana naona kiwango hakisimamiwi barabarani, kinasimamiwa bandarini na dukani. India, ambako Boxer na TVS zetu nyingi zinatoka, iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Juni 2021 ni kosa kutengeneza, kuingiza au kuuza helmeti ya pikipiki isiyo na alama ya shirika lao la viwango. Mzigo umetoka kwa kijana wa kijiweni ukaenda kwa mfanyabiashara. Kwetu Shirika la Viwango, TBS, na la Kenya, KEBS, yana nguvu ya kuzuia kontena la maziwa ya unga bandarini. Sioni kwa nini yasiwe na wivu huo huo juu ya kontena la helmeti. Na pikipiki ya biashara isisajiliwe bila helmeti mbili. Aliyenunua pikipiki hashindwi kununua kofia ya pili, anaishindwa kwa sababu hajaulizwa. Mimi ni shahidi.

Kuna mambo ya vijiweni ambayo mwandishi wa sheria akiwa ofisini hayaoni. Kijana wengi si mwenye pikipiki. Ana tajiri wake, kila jioni anapeleka hesabu, na helmeti ikiibiwa ni juu yake. Akiitundika kwenye usukani akaingia kununua vocha, haipo. Akimpa abiria, abiria mwingine anashuka nayo kwa kusahau au kwa makusudi. Hata jina lenyewe limepata shida: serikali inasema kofia ngumu, Wakenya helmeti, vijana wa Dar wengi wanaiita "elementi", na askari anayeandika faini anaandika anavyojua.

Abiria naye ana sababu zake, na si za kijinga. Mama ametoka saluni. Binti anaogopa mapunye na jasho la watu ishirini waliotangulia. Bwana ana kofia yake ya kufuma, mwanamke ana hijabu na haitaki ivurugike. Kigali wamelimaliza hilo kwa kukomaa: taxi-moto haiondoki bila abiria kuvaa, na abiria akipanda anapokea kofia kabla hajasema anakwenda wapi. Kampala, kampuni ya SafeBoda ilipoanza mwaka 2014 ilifanya helmeti ya pili kuwa sehemu ya biashara, kitu cha kumvutia mteja, na watu waliokuwa wakisemwa kuwa hawatavaa wakavaa. Kwa hiyo inawezekana, na kwa watu hawa hawa wetu.

Mpwa wangu alikaa karibu mwaka mzima bila kugusa pikipiki. Aliporudi barabarani nilinunua helmeti mbili hapa, zenye E, na msafiri mmoja mwema akazibeba mkononi hadi Dar. Wiki ya kwanza akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Hawataki kuvaa."

Nikamwambia asiwabebe. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa London, njaa siyo yako. Yeye akatafuta njia yake. Alinunua pakiti ya zile kofia za nailoni za kuogea, kila abiria anapewa mpya, anaivaa ndani, juu helmeti. Wenzake kijiweni wanamwita Mwanaanga. Anasema abiria wengine wanamwacha na kupanda ya jirani, lakini wako wanaomsubiri hasa yeye, wengi wao kina mama wanaomfahamu yule muuza nyanya.

Mwezi uliopita akaniomba kitu kingine. Kuna mama mmoja anampa wanawe wawili awapeleke shule kila asubuhi. Mwanzoni mama alitaka wapandishwe wote kwa pamoja, mishkaki, ili alipe mara moja. Kijana akakataa, anakwenda safari mbili kwa bei ya moja na nusu. Ila helmeti ya mtu mzima inawazunguka kichwani kama ndoo, na mkanda ukikazwa hadi mwisho bado unacheza.

Nilimwambia achukue futi ya fundi cherehani, aizungushe juu kidogo ya nyusi hadi pale kisogo kinapotokeza, aandike namba. Juzi usiku zikaingia kwenye simu: 50 na 53. Jumamosi nakwenda madukani.